Redio Gani ya Mita 2 Ninunue Mombasa? Anza na Paa

"Shikamoo mwalimu. Naishi Kisauni, nyumba ya kupanga, ghorofa ya nne, na juu yetu kuna paa tambarare la kuanikia nguo. Leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuongea redioni kwa kupenda tu na si kwa biashara, naishughulikia. Nimeweka akiba ya shilingi 40,000 na nataka kuanza na bendi ya mita 2. Kijana mmoja wa dukani mjini ameniambia niachane na redio za wati 5, ninunue ya mkononi ya wati 8 au 10, nitafika Malindi bila shida na usiku labda hata Nairobi. Rafiki yangu naye anasema bila redio kubwa ya mezani nitakuwa natupa pesa. Mjomba wangu ni mvuvi Shimoni, na ningependa tuwe tunaongea akiwa baharini. Ninunue ipi? Na je, kebo ya dishi iliyobaki nyumbani na antena ya zamani ya tivii vitafaa?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali manne kwa pamoja, nami nitayajibu kwa mpangilio wangu. Nianze na umbali, maana hapo ndipo unapotaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kijana wa dukani anakuuzia wati. Wati zina faida, ila ndogo kuliko zinavyosikika. Tofauti ya nguvu za redio hupimwa kwa desibeli, na kutoka wati 5 kwenda 8 unaongeza desibeli 2 tu. Ukifika 10 umeongeza 3. Ile mita ya nguvu ya mawimbi kwenye redio huhesabu hatua moja kwa desibeli 6. Kwa hiyo mwenzako wa upande wa pili ataona sindano imesogea nusu hatua, na pengine asione chochote. Hata ukiruka kutoka wati 5 hadi 50, umeongeza desibeli 10, hazifiki hatua mbili. Isitoshe, nyingi ya hizo redio za mkononi zilizobandikwa "wati 8" au "wati 10" hazifiki hapo zikipimwa. Utakachokipata kwa hakika ni redio kuchemka mkononi na betri kuisha kabla ya magharibi.

Kinachoamua umbali kwenye bendi hii ni kimo cha antena. Bendi ya mita 2 kwetu ni kuanzia megahezi 144 hadi 146. Ndivyo ilivyogawiwa Kanda ya 1 ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ambamo Afrika imo pamoja na Ulaya. Mawimbi ya masafa hayo kwa kawaida hayarudishwi ardhini na ionosfia, lile tabaka la juu la angahewa, kama yale ya redio za masafa mafupi za zamani. Yanakwenda karibu moja kwa moja, hewa inayapinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia, kisha dunia yenyewe inayakinga. Kuna hesabu rahisi: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita hadi upeo wa redio yako. Fanya hivyo hivyo kwa antena ya mwenzako, kisha jumlisha.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo Kisauni. Ukisimama barabarani na redio mkononi, antena iko kama mita 1.6 kutoka chini, upeo wako ni kilomita 5. Mwenzako akiwa naye amesimama barabarani, jumla ni 10, na hapo hatujahesabu majumba ya mawe, mabati, miti na malori yaliyo kati yenu. Panda kwenye paa lenu. Ghorofa nne na mlingoti mdogo tuseme ni mita 16. Kipeuo chake ni 4, upeo ni kilomita 16 na nusu. Wawili wenye mapaa kama hayo wanafikiana kwenye kilomita 33. Hiyo ni Mtwapa bila wasiwasi na Diani kwa bahati. Malindi iko kama kilomita 100 kutoka kwako. Hakuna redio ya mkononi, iwe ya wati 8 au 80, itakayotoboa mgongo wa dunia ikufikishe huko, isipokuwa upande mmoja uwe mlimani au katikati kuwe na ripita, redio iliyowekwa juu ya kupokea na kurusha upya.

Milima nayo inafanya maajabu. Mtu aliye juu ya Shimba Hills, tuseme kwenye kimo cha mita 400, upeo wake ni kilomita 82. Na Vuria, kilele cha Taita, kina zaidi ya mita 2,200: upeo wake unapita kilomita 190, ilhali kutoka hapo hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kama 170. Kwa karatasi, mtu wa Vuria mwenye wati 5 anaweza kuzungumza na paa la Kisauni, wakati mtu wa Kilifi aliye bondeni hasikiki kabisa. Ukipata safari ya Taita siku moja, beba redio.

Ushahidi mzuri zaidi uko juu ya kichwa chako. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka takriban kilomita 400 juu yetu na hurusha mawimbi ya ridhaa kwenye megahezi 145.800. Kikipita juu ya Pwani, redio ya mkononi ya kawaida inakinasa vizuri, wakati mwenzako wa Changamwe aliye nyuma ya ghala la kontena anakwaruza. Njia ya kituo iko wazi. Njia ya Changamwe imezibwa. Hilo ukilielewa, nusu ya uamuzi wa kununua umeshafanyika.

Kuhusu Nairobi usiku, huyo kijana huenda amesikia habari za kweli akazichanganya. Yapo mazingira ambapo mita 2 husafiri mbali kupita hesabu yangu. Hewa ya joto ikilala juu ya hewa iliyopoa zaidi, hasa juu ya bahari, mawimbi hunaswa kati ya tabaka hizo na kuchukuliwa mamia ya kilomita. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kuna njia nyingine ya jioni, miaka jua linapochafuka, ambapo mawimbi huvuka ikweta ya sumaku ya dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wa kusini mwa Afrika walisikizana na wa Cyprus na Ugiriki kwenye megahezi 144 kwa njia hiyo. Hizo ni zawadi. Usinunue redio kwa kutegemea zawadi. Tena ikiwa nia yako ya kweli ni kuongea na Nairobi au Lamu kila siku bila kutegemea mtandao wa simu, sema mapema, maana bendi yako basi ni mita 40, kwenye megahezi 7, ambako mchana ionosfia hurudisha mawimbi vizuri kwa umbali kama huo. Redio yake ni ghali zaidi na antena yake ni waya wa karibu mita 20, lakini ni jibu la swali hilo, na mita 2 si jibu lake.

Tuseme bado unataka mita 2. Vizuri, ni bendi ya kujifunzia hasa. Kabla ya kutoa hata shilingi, nikuulize: utazungumza na nani? Wenye leseni ya ridhaa nchini ni wachache, na Pwani ni wachache zaidi. Mtu anaweza kununua redio nzuri, akafunga antena ya kupendeza, akakaa mwezi mzima anasikiliza mvumo. Ndipo redio inaishia kabatini. Kwa hiyo wasiliana kwanza na chama cha wanaridhaa wa Kenya, kinachojulikana kwa kifupi ARSK, uulize nani yuko Mombasa, wanakutana kwenye masafa gani na saa ngapi, na kama kuna ripita inayofanya kazi upande wetu. Ripita ni redio iliyowekwa juu inayosikia kwenye masafa mamoja na kurusha upya kwenye mengine. Katika kanda yetu kawaida unarusha kilohezi 600 chini ya unapoisikilizia. Bila ripita, mahali pa kuitana kwa sauti ya FM ni megahezi 145.500. Na kama una rafiki anayekaribia kupata leseni, nyinyi wawili mkianza pamoja mtakuwa na bahati kuliko mtu mmoja mwenye redio ya laki.

Sasa redio. Ziko za aina tatu. Kuna ya mkononi, hii ambayo wengi huiita redio koli kwa sababu wameiona kwa askari wa getini. Kuna ya garini, sanduku la ukubwa wa kitabu kinene, wati 25 hadi 80, inayokula umeme wa volti 13.8. Halafu kuna ile rafiki yako anayoiota, ya mezani ya kila aina ya sauti, mfano Icom IC-9700, inayoweza FM na pia sauti ya mkanda mmoja, yaani SSB, na alama za Morse. Hii ya tatu ni chombo kizuri mno, na mimi kwako naiweka kando bila kusita. Bei yake inazidi akiba yako mara kadhaa, na faida yake huonekana pale penye watu wengi wanaotafutana mbali kwa SSB huku antena zao zimelala mlalo. Ukiirusha FM ya Kisauni hadi Nyali kwa chombo hicho, mwenzako hatajua tofauti.

Kwa shilingi 40,000 ningeanza na redio ya mkononi ya wati 5, yenye bendi mbili, mita 2 na sentimita 70, na nisingeruhusu ile zaidi ya robo ya pesa. Wengi huanza na Baofeng UV-5R kwa sababu ni rahisi kuipata na bei yake iko chini. Nitakueleza uzuri na ubaya wake, maana wapo wanaoitukana na wapo wanaoisifu, na pande zote mbili zina haki. Inafanya kazi, betri yake ni nzuri, inaprogramiwa kwa kebo na programu ya bure iitwayo CHIRP. Ubaya wa kwanza ni kwamba mlango wake wa kupokea hauna vichujio vya maana. Ukiwa na kile kiantena chake kifupi cha mpira hutaona shida. Ukiiunganisha na antena kubwa ya paani mjini, ambako kuna redio za FM, za bandari, za walinzi na minara ya simu, mawimbi mazito ya jirani huijaza hadi ikawa kiziwi. Inaonyesha kila kitu kimya, kumbe mwenzako anakuita. Dalili yake ni hii: unasikia mtu vizuri kwa antena ndogo, kisha unamkosa kwa antena kubwa. Ubaya wa pili ni kwamba baadhi ya redio hizi hurusha uchafu nje ya bendi, kwenye masafa ambayo ni ya wengine. Redio ya bei ya kati, kama Yaesu FT-65R, ina nguvu ile ile ya wati 5 na mlango ulio bora. Ukiipata kwa bei isiyokuumiza, chukua hiyo. Usipoipata, anza na ya rahisi ukijua mipaka yake.

Lolote utakalochagua, siku ya kwanza lifungie mipaka. Redio hizi nyingi hufunguka kuanzia megahezi 136 hadi 174, na humo ndani mna chaneli za meli, za makampuni ya ulinzi na za vyombo vya usalama. Kidole kikiteleza Mombasa, mji wa bandari, si jambo la mzaha. Kwenye CHIRP ingiza chaneli zako za 144 hadi 146, na zile unazotaka kusikiliza tu, kama 145.800, zizime kurusha.

Sasa twende juu, ambako ndiko ninakotaka pesa yako iende. Antena ya mpira iliyokuja na redio ni maafikiano: fupi mno kwa wimbi la mita 2, imekunjwa ndani kama springi. Hata kabla ya paa unaweza kuiboresha kwa ya robo wimbi, yenye sentimita 49 hadi 50. Ujanja mmoja wa bure: funga kipande cha waya laini wa sentimita 49 kwenye chuma cha chini ya antena, kigusane na pete ya nje ya konekta, kining'inie. Antena ilikuwa inatafuta nusu yake ya pili kwenye mkono wako, sasa umeipa. Tofauti husikika mara moja.

Kwa paani, jitengenezee. Chukua soketi moja ya SO-239, yaani tundu la kuchomekea kebo ya antena, waya mmoja wa shaba mgumu wa kama sentimita 50 usimame wima katikati, na nne za sentimita 52 zishuke kwenye pembe nne kwa nyuzi 45. Kuzishusha hivyo hufanya antena ikaribie ohmu 50, ambazo ndizo redio inazitaka. Acha waya wa katikati uwe mrefu kidogo, kisha upunguze milimita chache chache huku ukipima kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa, hadi ikae chini ya 1.5 katikati ya bendi. Antena hiyo, ikisimama huru juu ya paa lenu, itaifanya redio ya wati 5 isikike kuliko ya wati 50 iliyofungiwa sebuleni. Wengine hupenda antena nyembamba iitwayo Slim Jim, ambayo haihitaji zile nne za chini na inaingia ndani ya bomba la PVC la waya za umeme. Kwa Pwani bomba hilo ni kinga nzuri ya chumvi, ila kumbuka plastiki huvuta masafa chini kidogo, kwa hiyo pima ikiwa imeshaingia bombani.

Antena ya zamani ya tivii iache kwa sasa. Imekatwa kwa masafa mengine, na kwa kawaida imelala mlalo. Watu wa FM hapa husimamisha antena wima, na antena iliyolala ikiongea na iliyosimama hupotea desibeli 20 au zaidi kwenye njia iliyo wazi. Mabomba yake ya alumini, hata hivyo, yatunze. Siku ukitaka kutengeneza antena ya mwelekeo yatakufaa.

Kebo ndiyo mwizi asiyeonekana. Kwenu kutoka paani hadi chumbani, ukihesabu kona, tuseme ni mita 20. Kebo nyembamba ya RG-58, ambayo ndiyo utauziwa kwanza, kwenye megahezi 145 hula karibu desibeli 4 kwa urefu huo. Wati 5 zikiingia chini, juu zinafika 2. Na kumbuka inakula hivyo hivyo sauti dhaifu inayoshuka kutoka kwa mwenzako, ambayo hakuna wati za kuirudisha. RG-213, nene kama kidole kidogo, hula chini ya desibeli 2 kwa urefu huo huo. Aina ya LMR-400 hula kama desibeli 1. Tofauti ya bei kati ya RG-58 na RG-213 kwa mita 20 ni pesa bora kuliko tofauti ya redio ya wati 5 na ya wati 10.

Kebo yako ya dishi? Hapa nitakushangaza: jaribu. Kama ni RG-6 nzuri, upotevu wake kwenye masafa haya unakaribia ule wa RG-213. Kasoro yake ni kwamba ina ohmu 75 badala ya 50, jambo linaloleta SWR ya 1.5 hivi, na redio nyingi zinaivumilia bila kulalamika. Tatizo hasa ni konekta, kwa sababu suka yake ya alumini haishiki lehemu. Tumia konekta za kubana za aina ya F na adapta, na usizipe nguvu kubwa. Kwa kusikiliza na kwa wati 5 itakusogeza hadi upate nyingine. Kama imekaa nje miaka miwili na ganda limepasuka, itupe.

Hilo linanileta kwenye chumvi, jambo ambalo miongozo ya Ulaya hailitaji na hapa ndilo linaloua vifaa kuliko radi. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, unyevu wa chumvi unafika hadi ndani ya skrubu. Konekta za PL-259, zile zinazoingia kwenye SO-239, hazizuii maji. Maji yakiingia, yanapanda ndani ya suka ya kebo kama mafuta kwenye utambi, na baada ya msimu mmoja kebo ya nje inaonekana mpya huku ndani imekuwa kijani. Kwa hiyo: kila kiungo cha nje kizungushie ule utepe wa mpira unaojishikanisha wenyewe, uvute hadi ukonde, kisha juu yake tepu nyeusi ya fundi wa umeme kuukinga na jua. Kebo iache ishuke chini ya dirisha kisha ipande kuingia, ili maji yadondoke pale chini yasifuate kebo hadi kwenye redio. Bolti ziwe za chuma kisichopata kutu. Shaba na alumini zisigusane moja kwa moja mahali penye maji. Na kila baada ya msimu wa mvua fungua kiungo kimoja ukitazame.

Kuhusu paa lenyewe, mambo mawili. Majirani wanaanika nguo hapo, kwa hiyo ncha ya chini ya antena iwe mita 2 au 3 juu ya vichwa vyao, asiweze mtoto kuishika unaporusha. Hata wati chache huunguza kidole kwenye ncha. Na iweke mbali na matangi ya maji na madishi kadiri unavyoweza. Tangi la plastiki lililojaa maji nalo ni kizuizi.

Baada ya hayo, mfukoni utabaki na pesa. Usizitumie. Sikiliza kwa mwezi au miwili. Ukikuta wenzako wako na ripita ipo, na redio yako ya mkononi inakuwa kiziwi kwenye antena ya paani, hapo ndipo nunua redio ya garini ya wati 25 hadi 50, mpya au iliyotumika kutoka kwa mwanaridhaa anayeaminika. Sababu yako iwe masikio yake mazuri. Wati ni ziada. Itahitaji umeme: kwa wati 25 inavuta ampea 5 au 6 ikirusha, kwa 50 mara mbili ya hapo, na ikisikiliza tu haizidi nusu ampea hivi. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye ampea-saa 20 itakuvusha usiku mzima wa stima kupotea, mradi huongei mfululizo. Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Na ukisikia mvumo mzito usioeleweka, zima taa za LED, chaja na kidhibiti cha sola moja moja hadi umpate mchawi.

Ukikuta kimya? Basi kuna anga. Pata ratiba ya Kituo cha Anga kwa simu, panda paani kikipita, fungua 145.800. Mara kwa mara hurusha picha kwa sauti, na programu ya simu iliyowekwa karibu na spika ya redio huzichora mbele ya macho yako. Kuna pia setilaiti za ridhaa kama SO-50, ambayo unairushia kwenye 145.850 na kuisikiliza kwenye 436.795, ndiyo maana nikasema uchukue ya bendi mbili. Antena yake ya mkononi unaweza kuitengeneza kwa utepe wa chuma wa kupimia na bomba la PVC. Watu wa Pwani si wageni wa mambo haya: setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na jina lake ni la uhuru wetu, tulioupata tarehe kama hiyo.

Mjomba wako wa Shimoni hayumo katika mpango huu, na nakuomba usimtie. Redio za ridhaa ni za wenye leseni kuongea na wenye leseni, si za biashara ya uvuvi. Mashua yake inahitaji redio ya baharini ya VHF, inayotumia masafa ya 156 hadi 162, na chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada. Meli huisikiliza, na Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini. Redio ya mkononi ya baharini huvumilia maji, nyingine huelea, na ina vitufe anavyoweza kubonyeza gizani mkono ukiwa na samaki. Baofeng ikianguka majini imekwisha. Na kutoka Shimoni hadi kwako ni kilomita 70 na zaidi, hesabu ya upeo umeshaijua. Maisha yakiwa hatarini mtu hutumia chochote alicho nacho kuita msaada, hilo linakubalika dunia nzima, ila usilipangie safari.

Mwisho, palipo nje ya uwezo wa barua. Leseni na alama ya wito, yaani jina lako la redioni, ambayo kwetu huanza na 5Z, hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na ofisi yao ya kanda iko hapa Mombasa. Nenda mwenyewe kabla ya kuagiza redio kutoka nje, uulize kama aina unayoitaka imeidhinishwa na ni karatasi gani forodha watakudai. Kurusha bila leseni ni kosa, hata kama ni "kujaribu tu". Mwenye nyumba mwombe ruhusa ya maandishi. Kama nyaya za stima zinapita karibu na paa kiasi kwamba mlingoti ukianguka unaweza kuzigusa, usipande. Mwite fundi mwenye leseni, na akikuambia hapafai, mwamini. Ukitaka mlingoti mrefu, uliza kwanza mamlaka ya usafiri wa anga, kwa sababu uwanja wa ndege wa Moi uko ng'ambo tu ya kisiwa. Na kabla ya kununua redio yoyote iliyotumika, mwombe mwanaridhaa mmoja mwenye kipimo aende nawe: airushe kwenye mzigo wa bandia, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, atazame wati na uchafu wake, kisha asikilize yeye mwenyewe jinsi inavyopokea. Muuzaji akikataa redio yake isipimwe, ondokeni.